Motokari ya zamani haifunguliwe mbele ya kupangwa



Tangu mwezi wa kumi kila mtu anatuuliza swali moja: «Ile Volkswagen itatembea lini?» Tunaulizwa ku mustari asubuhi, tunaulizwa ku robine ya maji, hata wadogo wa darasa ya kwanza wanatuuliza. Swali hili ni la haki, kwa maana sisi wenyewe tulisimama mbele ya masomo yote tukaahidi kwamba motokari itatembea siku ya kufunga mwaka, na itatangulia wafinaliste wakipita. Leo tunaandika mu gazeti letu kusema wazi: siku ile haitatembea. Tuliahidi mbele ya kuhesabu. Lakini kosa hili limetufundisha kazi moja ambayo wengi hawaijue, nayo ni kazi ya kupanga. Tunataka kuieleza hapa pole pole, ili yule atakayetufuata asianguke mu shimo letu.

Wote munaijua ile motokari. Inasimama nyuma ya atelye ya mbao, chini ya mwembe, pine zote ine zimelala, na kuku wa mlinzi wanatagia mayai ku kiti cha nyuma. Mwezi wa tisa mnunuzi wa mitraye alikuja na mizani yake. Aliizunguka mara moja, akapiga mlango teke, akataja bei. Masomo iko na lazima ya feza: munajua viti vya darasa ya pili viko namna gani. Bwana Prefe akatuita sisi kapita wa wanafunzi pamoja na wenzetu wanane wa klabu ya mekanike, akatuambia: «Muniletee mpango wa maandishi. Kama mpango ni wa kweli, motokari inabaki. Kama ni ndoto, inakwenda ku mizani.»

Usiku ule tuliandika ukurasa mmoja: kuosha, kupaka rangi, kununua batri, kuwasha. Tulifurahi sana. Halafu tukaonyesha ukurasa kwa mzee mmoja mekanisie wa hapa Hewa Bora, ambaye alitengeneza Volkswagen wakati wa ujana wake. Akasoma, akacheka, akarudisha karatasi. «Banangu, hii aiko mpango. Hii ni liste ya mambo munapenda. Mupango unaanza na mambo hamupendi.»

Basi tulianza upya. Hizi ndizo hatua.

1. KUIJUA MOTOKARI YENYEWE

Mtu hawezi kutengeneza kitu asichokijua. «Volkswagen» si jina la motokari moja. Ile tunayosema, ya mgongo wa mviringo, ambayo Wafaransa wanaita Coccinelle, ilianza kutengenezwa kwa wingi Wolfsburg, Ujerumani, mwisho wa mwaka 1945. Tarehe 17 mwezi wa pili 1972 ilipita hesabu ya Ford T, ambayo ilikuwa ya kwanza ulimwenguni, kwa motokari 15,007,034. Ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 mwezi wa saba 2003, na jumla ilikuwa 21,529,464. Mu Afrika wanaijua vizuri. Ile mashindano makali ya Safari ya Afrika ya Mashariki, yenye matope na mavumbi, Volkswagen hii ilishinda 1954, 1957 na 1962.

Sababu moja ya kudumu kwake ni kwamba motere, ambayo iko nyuma, inapozwa na hewa. Haina radiatere, haina maji ya kuchemka njiani. Rafiki mmoja wa darasa ya tano alisema: «Motere ya hewa, mtaa wa Hewa Bora, basi iko kwao.» Tulicheka, lakini kuna jambo la kushika hapa: kwa sababu hakuna maji, mafuta njo yanasaidia hewa kupoza motere, na motere hii inachukua litre mbili na nusu tu. Anayesahau mafuta anaua motere.

Sasa, yetu ni ya mwaka gani? Watu walitupa majibu mengi. Mmoja alisema 1958, mwingine akasema 1974. Hakuna lazima ya kubishana. Nambari ya shasi imepigwa ku chuma yenyewe, ku mgongo wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Tuliondoa kuku, tukatoa kiti, tukasugua na brosi ya chuma na petroli kidogo. Nambari inaanza na 116. Tangu mwaka wa modele 1965, tarakimu mbili za kwanza zinataja aina ya motokari, ya tatu inataja mwaka wa modele: 6 ni 1966. Na kiwanda kilikuwa kinaanza mwaka wa modele mu mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo yetu ilitengenezwa kati ya mwezi wa nane 1965 na katikati ya 1966. Ni mwaka ule ule muji wetu uliacha jina la Elisabethville na kuitwa Lubumbashi.

Ku kifuniko cha nyuma hakuna tena alama, lakini kivuli chake kingali mu rangi: «VW 1300». Modele ya 1300 ilitoka mwezi wa nane 1965, na farasi 40. Halafu tukaangalia nambari ya motere, ambayo imepigwa chini ya fasi dinamo inakaa. Motere ya 1300 inapaswa kuanza na herufi F. Yetu inaanza na D. Herufi D ni motere ya 1200, ya farasi 34. Maana yake: motere hii si ile iliyozaliwa na motokari. Siku moja mtu aliibadilisha. Kama hatungesoma nambari, tungenunua piesi za 1300 kwa motere ya 1200. Njo faida ya kwanza ya kupanga: nusu saa na brosi ya chuma ilituokolea feza mingi.

2. KUJUA IKO YA NANI

Hapa tunaungama tena. Sisi wote tulidhani motokari ni ya masomo, kwa maana iko mu kiwanja cha masomo. Lakini mu kisanduku cha mbele tulikuta karatasi zake mu plastiki, na jina lililoandikwa si la masomo. Ni jina la mwalimu wa sayansi wa zamani, ambaye aliugua, akaiacha hapa «kwa siku kidogo», halafu akafariki. Mjane wake anaishi bado mu muji huu.

Wengine kati yetu walisema tunyamaze. Walisema: mama amekwisha kusahau, tukimwambia ataiuzisha, na sisi tutapoteza kazi. Tulibishana jioni nzima. Mwisho tulikwenda na mwalimu wetu wa mekanike kumwona mama. Hakuwa amesahau. Alituhesabia watoto wake mmoja mmoja, na yupi alipelekwa kuzaliwa mu motokari ile usiku wa mvua. Hakutaka feza. Alisema: «Mama haiombe ile motokari. Lakini kama munataka kuipima ku mizani ya mitraye, muniambie kwanza, nikuje kuiaga.» Tulirudi kimya.

Nyuma ya juma mbili alitupa barua iliyotiwa sahihi mbele ya watoto wake wakubwa: motokari inabaki mu masomo kwa kufundishia mekanike, na masomo haiwezi kuiuzisha bila yeye kujua. Tunaweka jambo hili mu hatua ya pili kwa sababu ya haki, na pia kwa sababu ya akili. Ukitia jasho na feza mu motokari isiyo na karatasi, siku itakapotembea mwenyewe atakuja, na atakuwa na haki. Tena bila karatasi zinazofanana na nambari ya shasi, haiwezi kupata plaki wala kupita barabarani. Karatasi mbele, kle nyuma.

3. KUSEMA TUNATAKA KUFIKA WAPI

Kuna njia tatu, na kila moja iko na bei yake.

Ya kwanza ni kuhifadhi. Unasimamisha kutu, unasafisha, unaiweka mahali pakavu, unaiacha na uzee wake. Si lazima itembee.

Ya pili ni kuitengeneza itembee. Unarudisha nguvu ya mwili, freni, stera na motere, lakini huchukii kovu ku mlango wala kiti kilichoshonwa.

Ya tatu ni kuirudisha upya, kama siku ilipotoka kiwandani: kila buloni, kila kitambaa, rangi ile ile. Hii ni ya watu wenye feza na miaka mingi.

Wapenzi wa motokari za kale ulimwenguni wako na shirikisho lao, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966. Wanahesabu motokari kuwa ya kihistoria kama imepita miaka 30, imehifadhiwa mu hali yake ya kweli, na haifanye kazi ya kila siku. Mwaka 2012 walikubali Hati ya Turin, na shauri lake kwa maneno yetu ni hili: usitupe cha asili kama kinaweza kubaki, ukibadilisha kitu, kibadilishe namna ya kuweza kurudishwa, na uandike ulichofanya. Tumelipenda shauri hili kwa sababu halimwombe mtu kuwa tajiri. Linamwomba kuwa mwaminifu.

Tulichagua njia ya pili. Motere ya 1200 itabaki, hata kama si yake ya kwanza, kwa maana nayo ni sehemu ya historia ya motokari. Tutaandika wazi mu kitabu chake kwamba ilibadilishwa. Rangi ya zamani tutaacha kipande ndani ya kisanduku cha mbele, ili mtu wa kesho aione.

4. KUIPIMA BILA HURUMA

Njo fasi ndoto yetu ilianguka. Macho ya mtu anayependa hayaone kutu. Kwa hiyo mzee mekanisie alitupa vyombo vitatu: sumaku, turnevisi ya zamani na taa. Sumaku inashika chuma, haishike mastike. Mahali inapoanguka, mtu alijaza shimo na mastike akapaka rangi juu. Upande wa kushoto, chini ya mlango, sumaku yetu ilianguka mara tano kwa urefu wa mkono mmoja. Turnevisi unaisukuma kwa nguvu ya kawaida. Ikiingia, pale hakuna tena tole, kuko paka kutu.

Volkswagen hii iko na magonjwa yake ya kawaida. Chini ya milango kuna mifereji inayopeleka hewa ya moto kutoka motere hadi mbele. Mifereji hii si ya joto tu; inabeba nguvu ya mwili. Ikioza, motokari inajikunja kama kiatu. Fasi ya pili ni sakafu chini ya batri. Batri inakaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kuume, na asidi yake ikimwagika inakula tole. Fasi ya tatu ni pale kriki inaingia. Fasi ya ine ni chini ya pine ya akiba, mbele, ambako maji yanalala. Mvua yetu inaanza karibu mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu au wa ine, na motokari yetu ilipita mvua mingi bila paa.

Matokeo: mfereji wa kushoto umeoza, wa kuume unapona, sakafu ya batri iko na tundu ambalo kuku anaweza kupita, mbele ni pazima.

Motere nayo tuliipima bila kuiwasha. Hapa tusikilizane vizuri: motokari iliyolala miaka haisukumwe ili iwake. Tulitoa buji zote ine, tukatia mafuta kidogo mu kila tundu, tukangoja siku tatu, halafu tukazungusha puli kwa mkono na kle. Ilikataa, ikakataa, halafu ikazunguka. Tulipiga kelele mpaka Bwana Prefe akatoka mu biro. Mzee akashika puli, akaivuta na kuisukuma kuelekea kwake. Kama inacheza mbele na nyuma namna ya kusikia mugongano, nyumba ya motere imekwisha kulika ndani na itaomba kazi kubwa. Yetu haikugonga. Mzee alisema neno moja tu: «Iko na bahati.»

Esansi ya zamani inageuka gundi. Tanki na karibirateri lazima visafishwe. Na mipira yote ya esansi itabadilishwa mbele ya kuwasha hata mara moja. Mpira uliopasuka unatonya esansi karibu na motere ya moto, na Volkswagen mingi ziliungua namna hiyo. Kwa hiyo mu mpango wetu ndoo mbili za mchanga zimeandikwa mbele ya batri.

5. KAZI GANI MBELE, KAZI GANI NYUMA

Ukurasa wetu wa kwanza ulianza na rangi. Leo rangi iko karibu na mwisho. Kwa nini? Kwa sababu sudire inachoma rangi na inachoma nyuzi za umeme. Anayepaka rangi mbele ya sudire atapaka mara mbili na kulipa mara mbili. Utaratibu wetu ni huu:

a) Mwili na sakafu: kukata kilichooza, kuweka tole mpya, kusudirisha. Hapa kuna mtego. Ukikata mfereji wa chini bila kutegemeza mwili, milango haitafunga tena. Kwa hiyo milango inabaki mahali pake, na mbao za nguvu zinawekwa ndani mbele ya kukata. Kazi hii itafanywa na sudere aliyekomaa. Sisi tutashika tole na kujifunza.

b) Freni na stera. Motokari ya mwaka huu iko na tamburi ku pine zote ine, na mfereji mmoja tu wa mafuta ya freni kwa pine zote. Zile za njia mbili zilikuja nyuma. Maana yake mpira mmoja ukipasuka, freni zote zinakwisha mara moja. Hatutatumia mpira wa zamani hata mmoja. Motokari inapaswa kujua kusimama mbele ya kujua kwenda.

c) Motere, ambreyaji na bwati ya vitesi.

d) Umeme. Yetu ni ya volti 6. Kupata batri na balbu za volti 6 ni taabu. Kuna njia ya kuipeleka volti 12, lakini mtu asifikiri ni kubadilisha batri tu: ni dinamo, regilateri, bobini, balbu zote, na motere ya kufuta mvua ku kioo. Tulibishana sana, kwa maana wengine walitaka asili. Tuliamua volti 12, na vitu vyote vya volti 6 vitawekwa mu sanduku lenye jina, ili viweze kurudishwa siku moja.

e) Rangi. Hii inataka kiangazi, mwezi wa tano hadi wa saba, mbele ya upepo wenye mavumbi mekundu. Mvua inaharibu rangi, na mavumbi pia.

f) Viti na vioo, na kuku watafute nyumba ingine.

6. KUFUNGUA KWA AKILI

Miaka ya nyuma kikundi kimoja cha wanafunzi kilijaribu kuitengeneza. Walifungua kwa furaha, siku moja, kila kitu kilichofunguka. Tumerithi sanduku lao: buloni, ekru na visi zimechanganyika kama mchanga na mchele. Hakuna aliyejua ni za wapi. Mzee aliangalia sanduku akasema: «Kufungula ni kazi ya muntu yote. Kufunga njo kazi ya mekanisie.»

Kwa hiyo sheria zetu ni hizi. Hatufungue sehemu ingine mbele ya kumaliza ile tuliyoanza. Kila sehemu iko na kopo lake la maziwa, na karatasi ndani yenye jina, tarehe na upande, kushoto ao kuume. Mbele ya kutoa kitu, mwalimu anakipiga picha na simu yake, na mmoja wetu anachora mu kitabu, kwa maana simu inaweza kupotea na kitabu kinabaki. Buloni iliyokataa haipigwe na nyundo siku ile. Inapewa mafuta na kungojewa hadi Posho. Piesi iliyokufa haitupwe mbele ya mpya kufika, kwa maana ile iliyokufa njo kipimo cha kununulia mpya.

7. FEZA NA WAKATI

Hatuandike bei hapa, kwa sababu bei inafuata dolari na dolari hailale. Tunaandika namna ya kuhesabu. Tulichora mistari mitatu ku karatasi: kilichoko, kinachoweza kutengenezwa hapa, na kinachopaswa kununuliwa. Viti, mbao, usafi, kazi ya rangi ya chini: tutafanya sisi. Tole na sudire: hapa hapa muji. Mipira, freni, silenda za freni, kabureta ya akiba kama ya kwetu ikikataa: kununua.

Je, piesi ziko? Ziko. Motokari iliyotengenezwa zaidi ya milioni 21, na kuendelea hadi 2003, haikose piesi. Tena Afrika ya Kusini waliziunganisha Uitenhage kutoka 1951 hadi 1979, na njia ya kutoka kule hadi kwetu inapita Kasumbalesa kila siku na makamyo. Lakini usafiri na mpaka viko na bei, na lazima viandikwe mu hesabu, si kushangaa navyo baadaye.

Halafu mzee alitufundisha kuongeza. Kwa kila falanga 3 ulizohesabu, ongeza 1 kwa jambo usiloliona. Na hatua haianze kama feza ya kuimaliza haijakuwa mu sanduku. Motokari iliyofunguliwa nusu na kukosa feza ni mbaya kuliko ile iliyolala nzima, kwa maana ya nzima inangoja, lakini ya nusu inapotea kipande kwa kipande.

Wakati nao ni feza. Tunafanya kazi paka siku ya Posho, saa tatu, nyuma ya usafi. Tukihesabu mvua, siku bila umeme wa sudire, mitihani na likizo, hatua a) na b) peke yake zinakula mwaka mzima wa masomo. Yote ni miaka miwili na nusu, kama mambo yanakwenda vizuri.

Hesabu ile tuliifanya mara tatu, kwa matumaini kwamba tulikosea. Sisi wafinaliste tunafanya egzameni ya Leta mwaka huu. Miaka miwili na nusu maana yake hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa hapa siku ufunguo utazungushwa. Wawili kati yetu walisema basi iuzishwe, kuna faida gani? Hatukuwalaumu. Sisi pia tulilala na mawazo yale. Lakini yule mwalimu wa sayansi naye aliiacha hapa kwa siku kidogo, na miaka hii yote hakuna aliyeandika ku karatasi hata neno moja juu yake. Tungefanya vile vile, tungeacha sanduku la pili la buloni.

Kwa hiyo mu mpango tumeandika hatua moja ambayo haikuwa ku ukurasa wa kwanza: kukabizi. Kila kazi iko na mtu wa darasa ya sita na mtu wa darasa ya ine ao ya tano pamoja naye. Kitabu kinakaa mu biro ya mwalimu wa mekanike, si mu valize ya mwanafunzi. Mwisho wa kila mwezi wa sita, anayeondoka anasoma kitabu kwa sauti mbele ya anayebaki, na wote wawili wanatia sahihi.

Mpango wetu uko kurasa kumi na moja. Tulimpa Bwana Prefe juma lililopita. Aliusoma wote, akauliza maswali mawili juu ya feza, halafu akasema mnunuzi wa mitraye ataambiwa asirudi kwa ajili ya motokari hii. Viti vya darasa ya pili vingali vimevunjika, na hatutaki kujifanya hatuvione. Klabu ya mekanike imekubali kusaidia atelye ya mbao kuvitengeneza mbele ya kugusa hatua a). Tulionelea ni haki.

Tunamaliza na maombi matatu. Kwanza: lete makopo matupu ya maziwa, yenye kifuniko. Tunahitaji yasiyopungua sitini. Pili: usikae ndani ya motokari wala usipande juu yake, ule mfereji wa kushoto hauna tena nguvu ya kukubeba. Tatu: yule aliye na alama ya «VW 1300» iliyotolewa ku kifuniko cha nyuma, ya zamani hii ao ya juzi, airudishe. Anaweza kuiweka usiku ku dirisha la atelye. Hatutauliza jina. Mu kitabu tumekwisha kuiachia mstari wake.

Kapita wa wanafunzi, darasa ya sita,
pamoja na klabu ya mekanike.